Kongoti na Kihenge cha Bukene

Katika nchi ya miombo iliyo kaskazini ya Tabora, mahali ambapo reli ya Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, hupita kando ya majaruba ya mpunga kabla ya kuelekea Isaka na Shinyanga, palikuwa na milki ya wanyama ambayo watu wa Bukene hawakupata kuijua, kwa kuwa shughuli zake zilifanyika usiku na vikao vyake vilikaa chini ya miembe ya kale wakati wenye mashamba wamelala fofofo. Miembe hiyo, wasemao husema, ilitokana na kokwa zilizotupwa na watu wa misafara, wale waliotoka Bagamoyo na nguo na shanga na kurudi kutoka Ujiji na pembe za ndovu mabegani. Wanyama wa milki hiyo walikuwa na fahari moja wasiyoweza kumficha mgeni, nayo ni kwamba babu zao wote walikuwa wapagazi. Punda alidai hivyo, na madai yake yalikuwa na alama mgongoni. Nyati alidai hivyo, ingawa hapana aliyewahi kumtwika Nyati kitu. Konokono naye alishikilia kwamba ukoo wake ndio uliowafundisha Wanyamwezi kusafiri na nyumba.

Mwaka mmoja mvua zikachelewa, na mwezi wa kwanza ukawakuta wengi wakichemsha mizizi. Mtemi Pofu akaitisha baraza, na baada ya maneno mengi ikakubaliwa kwamba tangu hapo kila kaya italeta sehemu ya mpunga wake wakati wa mavuno, uhifadhiwe katika kihenge kimoja kikubwa, kifungwe kwa udongo, na kisifunguliwe mpaka njaa ibishe hodi. Lilikuwa shauri jema, na lilibaki jema mpaka walipofikia swali la mshika ufunguo.

Nyegere aliiomba kazi hiyo, wakamcheka mpaka majani yakapukutika, maana alikuwa na jina baya katika mizinga ya asali kuanzia Bukene hadi Ndala. Nyegere hali mpunga. Lakini katika nchi ile jina la mtu lilipimwa kabla ya tumbo lake. Kura zote zikamwangukia Kongoti, yule korongo mkubwa mwenye kipara, ambaye koti lake jeusi lilishuka mpaka magotini na mwendo wake ulikuwa wa mzee wa kanisa anayepita na kapu la sadaka. Alisali kwa sauti nene. Alihudhuria misiba yote, hata ile ambayo marehemu alikuwa hajafa vizuri. Zaidi ya yote, wanyama walivutiwa na soksi zake nyeupe, ambazo hazikuwahi kuonekana na doa, nao wakaambiana kwamba mwenye kujali usafi wa miguu hawezi kuwa na mikono michafu. Wale wanaoishi chini ya mti wa kongoti wanajua weupe wa miguu yake hutoka wapi, na kwamba hautoki kwenye sabuni. Ila hao walikuwa panya na mchwa, na hawakuwa na kura.

Kuhusu ule mfuko mkubwa unaoning'inia shingoni mwake, hapana aliyeuliza. Walisema ni maumbile.

Miongoni mwa walioleta mpunga alikuwamo Kanga mjane, ambaye wote walimwita Mayo Kanga, yaani Mama Kanga, kwa heshima ya marehemu mumewe. Yeye na vifaranga wake walikuwa wameokota masazo kwenye majaruba tangu mwezi wa tano, punje kwa punje, nyuma ya wavunaji, na walipopima wakapata debe tatu kamili. Kongoti alizipokea kwa mikono miwili, akampa stakabadhi ya jani la mninga lililotobolewa kwa mdomo wake, tundu moja kwa kila debe, kisha akamfuta vumbi mbawani na kumwambia, "Shemeji, hapa umeuweka mpunga wako mahali pa marehemu." Alikuwa na haki ya kumwita hivyo. Yeye ndiye aliyesoma sala makaburini, na yeye ndiye baba wa ubatizo wa kifaranga kitinda mimba, na hakuna Jumapili aliyopita karibu na kiota cha mjane yule asionje kilichopo chunguni.

Mavuno yakapita, miezi ya jua kali ikafuata, na usiku, treni ya mizigo iliposimama stesheni, walio macho waliona kivuli chenye miguu myeupe kikienda na kurudi. Kiota cha Kongoti kikaota ukumbi, kisha ghorofa, kisha mabati. Alipoulizwa alisema ni baraka, na wote wakajibu amina, kwa sababu ni vigumu kuikosoa baraka bila kuonekana unambishia aliyeitoa.

Mwezi wa kwanza ulipofika, Mtemi Pofu mwenyewe akagonga udongo wa kihenge kwa pembe. Mpunga ukaonekana juu, umejaa, mweupe, na shangwe zikapigwa mpaka Ngiri, mwenye tabia ya kutosherehekea, alipozamisha pua yake ndani. Chini ya shubiri moja ya mpunga palikuwa na jamvi. Chini ya jamvi palikuwa na pumba, nazo ziliendelea mpaka sakafuni, zimeshindiliwa vizuri, kazi ya mtu asiyekuwa na haraka. Ngiri alipotoa pua yake akapiga chafya, na pumba zikaruka na kumfunika Mtemi, naye akasimama hivyo, mweupe kichwa kizima, akiwa hajui kama inafaa kujipangusa mbele ya raia.

Mwezi ule ulikuwa mrefu. Kifaranga kitinda mimba wa Mayo Kanga, yule aliyebatizwa mikononi mwa Kongoti, hakuiona mvua ya kupandia.

Kongoti aliletwa chini ya mwembe, akainamisha kipara chake, akatoa chozi moja kubwa lililochukua muda mrefu kufika ncha ya mdomo, akasema maneno matatu yanayojulikana katika nchi yote: "Shetani alinipitia, wapendwa." Baraza likanong'ona kwa huruma. Hapana aliyeuliza Shetani huyo alipita mara ngapi, wala alilifumaje jamvi lile kwa kipimo kamili cha kihenge.

Wa kwanza kusamehe alikuwa Hondohondo. Alipanda tawi la juu, akafungua ule mdomo wake uliokuwa nusu ya mwili wake, akatangaza kwamba yeye binafsi, toka sakafu ya moyo, amemsamehe ndugu yake Kongoti bila masharti. Ilikuwa sauti ya kutikisa, na wengi wakalia. Hondohondo hakuwa ameweka hata punje moja kihengeni, jambo ambalo halikumpunguzia chochote. Kinyume chake, liliufanya msamaha wake uwe mwepesi, wa kurukaruka, usiokwama popote. Wa pili kusamehe alikuwa Fisi, ambaye mpunga humuumiza tumbo. Wa tatu ni Ngedere, aliyekuwa na hisa za ile ghorofa. Kadiri zamu ilivyowakaribia wenye madebe, ndivyo sauti zilivyopungua, lakini kufikia hapo msamaha ulikuwa umekwisha kupitishwa kwa wingi wa kura.

Ikaundwa Kamati ya Upatanisho, Mwenyekiti Hondohondo, Katibu Ngedere. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuandika yaliyotokea, nayo ikaandika kwamba palitokea kutoelewana kuhusu hesabu. Kazi ya pili ilikuwa kuandaa ibada ya shukrani na karamu, na kwa kuwa karamu haipikwi kwa maneno, kila kaya ikaombwa mchango. Waliopoteza zaidi wakaombwa zaidi, kwa hoja kwamba wao ndio wenye donda kubwa la kuponywa. Kwa michango hiyo ukanunuliwa mpunga wa pilau, na katika msimu ule mwenye mpunga wa kuuza alikuwa mmoja tu. Alipunguza bei kidogo, akasema ni mchango wake.

Mahubiri aliyatoa Ninga, mwalimu wa dini, ndege mpole asiyejua ubaya, ambaye alisimulia habari za Yusufu jinsi ndugu zake walivyomuuza kwa vipande 20 vya fedha kwa wasafiri waliokuwa wakienda Misri, habari ambayo wana wa njia ya misafara huielewa haraka kuliko wengine. Alisimulia vizuri, akafika pale Yusufu alipolia kwa sauti na kuwaangukia shingoni ndugu zake, na watu wakapangusa macho. Kobe, aliyekuwa amekaa nyuma, akamwuliza mwenzake kwa sauti ambayo masikio yake mazito yalidhani ni ya chini, "Mbona ameruka? Kabla ya kulia aliwafunga siku tatu, akambakiza Simeoni, akaficha kikombe kwenye gunia la Benyamini, akangoja aone kama watamwacha na huyu pia. Yuda alipojitoa kubaki mtumwa badala ya mdogo wake, ndipo akalia." Ngedere akamwomba Kobe atoke nje akapate hewa.

Ndipo Mayo Kanga akasimama. Hakupaza sauti. Alilinyoosha jani lake la mninga lenye matundu matatu, akauliza, "Mpunga uko wapi?"

Ukumbi ukanyamaza kwa aibu, na tafadhali msomaji asikosee: hawakuaibika kwa ajili ya Kongoti. Hondohondo akamweleza kwa upole kwamba swali lake lilikuwa la jana, na kwamba moyo mgumu huwasha moto unaomteketeza mwenyewe. Akamkumbusha saba mara sabini. Akaongeza kwamba Kongoti, aliyesimama mbele ya wote na kukiri, alikuwa ameonyesha ujasiri ambao wengine hawajauonyesha. Mwishowe kamati ikamtaka mjane amwombe Kongoti radhi kwa kumfadhaisha siku ya upatanisho wake. Kongoti, mdomo umejaa pilau, akapunga bawa kuashiria kwamba amekwisha kumsamehe.

Mayo Kanga akaondoka, akamfuata Kobe kule nje kwenye hewa aliyotumwa kuipata. Kobe alikuwa mkubwa kuliko reli na mkubwa kuliko misheni, na mambo ya miaka ya misafara aliyakumbuka kuliko ya asubuhi ile.

"Baba," akamwuliza, "aliyekutupa njiani, unampokea?"

Kobe alichukua muda. "Nitakwambia nilichokiona na nilichosikia, uamue mwenyewe. Mwaka 1868 yule daktari Livingstone alikuwa karibu na Ziwa Mweru, akataka kwenda kulitafuta Ziwa Bangweulu. Watu wake wakamchoka, wengi wakagoma, akaenda na watano tu. Aliporudi, mwezi wa Novemba, akawapokea tena waliomwacha. Aliandika kwenye daftari lake kwamba kuyajua mapungufu yake mwenyewe kulimfanya awe mpole kwa wengine. Lakini angalia, mayo: hakuandika kwamba hawakumwacha. Aliandika yote mawili."

"Wakakaa naye?"

"Alipofia kwa Chitambo mwaka 1873, watu wake Susi na Chuma na wenzao waliukausha mwili wake juani, wakautwaa, wakaja nao hadi Unyanyembe, upande wa Tabora. Ulikuwa mwezi wa Oktoba, nilikuwa Kwihara, nimejificha chini ya ukuta wa tembe. Mzungu mmoja, Cameron, akawashauri wamzike hapo hapo yaishe. Wakakataa. Huko mbele walipoona watazuiwa, wakaufunga mwili kama robota la nguo ili wapite, na Februari 1874 wakaufikisha Bagamoyo."

"Basi msamaha humrudisha mtu."

"Sijasema hivyo. Wapo waliotoroka mwaka 1867 na sanduku lake la dawa, na hao hawakurudi mpaka leo. Wale wengine nao wangeweza kumwacha tena kesho yake, na msamaha wake ungebaki kuwa msamaha. Nasema tu kwamba aliposamehe, aliyeachwa ndiye aliyesamehe. Hakukuwa na kamati."

Walipokuwa wakizungumza, harufu ya moshi ikawafikia. Wana wa Ngiri, vijana wanne wenye njaa na hasira ya haki, walikuwa wamechoka na pilau ya wenzao. Walizoa yale yale mapumba ya kihenge, wakayarundika chini ya mti wa Kongoti, wakayatia moto. Na pumba, kama ajuaye jiko la pumba anavyofahamu, haziwaki kwa ghadhabu, zinateketea taratibu kwa ndani, hivyo pakawa na moshi mwingi na nafasi ya kufika. Juu mtini makinda wawili wa Kongoti walikuwa wakikohoa. Ghorofa haikuwa na mlango wa dharura.

Mayo Kanga alifika akiwa anahema, akaingia kwenye rundo na kuanza kulitawanya kwa miguu, kwa ule upekuzi ambao kanga ameumbwa nao, na cheche zikamchoma magamba ya miguu na manyoya ya kifuani. Mkubwa wa wana wa Ngiri akamfokea: "Mayo, huyu si ndiye aliyekuulia mwana?"

"Ndiye."

"Basi toka."

"Wangu alikufa kwa mpunga aliouiba baba wa hawa," akasema bila kuacha kupekua. "Hawa mnataka wafe kwa pumba zilizobaki. Nikinyamaza, kihenge kile kitakuwa kimeua mara mbili, na ya pili itakuwa kwa jina langu. Nisaidieni au nendeni."

Wawili wakamsaidia. Wawili wakaenda zao wakitukana, na kwa miezi mingi baadaye walimwita mjane yule kibaraka wa wezi, wakati kamati ikimwita mwenye kinyongo. Akawa ni yeye peke yake katika milki nzima aliyeshtakiwa kwa makosa mawili yasiyoweza kukaa katika nafsi moja.

Kongoti alirudi kutoka karamuni usiku wa manane, shingo imevimba, akamkuta amekaa chini ya mti na makinda wawili wamelala ubavuni mwake. Alitazama jivu, akatazama kifua cha Kanga kilichobabuka, akafungua mdomo kutafuta ile sauti nene, na iliyokuja ilikuwa nyembamba.

"Shemeji."

"Nimekusamehe," akasema Mayo Kanga. "Nimekuja kukwambia mwenyewe, maana niliposikia limesemwa kwa niaba yangu sikulitambua. Nilidhani nitangoja mpaka uchungu uishe, nikaona hauishi, basi nimesamehe nao ukiwapo. Sitakulaani, na watoto wako nimewalaza. Kesho nitakuletea uji."

Kongoti akashusha pumzi ndefu.

"Na mpunga nautaka," akaendelea. "Wangu na wa kila mwenye jani."

"Lakini si umenisamehe?"

"Nimekusamehe."

"Ukishasamehe unadai nini tena?"

Ni dhahiri kwamba Kongoti aliuliza kwa moyo mnyofu. Alikuwa amesamehewa mchana kutwa na milki nzima, kwa nyimbo na kwa pilau, na katika msamaha huo wote hapana aliyemtazama usoni wala kuutaja mpunga. Sasa mbele yake alikaa aliyevitaja vyote viwili kwa pumzi moja, na hakuondoka.

"Ningekuwa sijakusamehe," akasema Mayo Kanga, "nisingekuja kudai. Ningewaachia wana wa Ngiri. Nadai kwa kuwa bado nakuhesabu kuwa mtu wa kulipa."

Zile siku zilizofuata sitazisimulia sana, maana hazikuwa na tukio. Uji uliletwa, nao ulikuwa mwepesi. Mwezi wa pili Kongoti akaleta debe moja, kisha nusu debe, kisha kimya cha majuma mawili ambapo alionekana akikwepa njia ya kisimani, kisha debe mbili kwa mkupuo baada ya kung'oa mabati ya upande wa mashariki na kuyauza. Mayo Kanga alipima kwa debe lile lile la mavuno, akipitisha kijiti juu yake ili kichuguu kisizidi wala kupungua, na mpunga wa kwanza haukuwa wake. Alifuata orodha kama majani yalivyokuja, na yeye alikuwa wa kumi na saba. Kongoti alisimama karibu akishikilia mdomo wa gunia. Soksi zake, kwa sababu ya kazi ya udongo, zilikuwa zimechujuka hata miguu yake halisi ikaanza kuonekana, myeusi, yenye magamba, ya kawaida kabisa.

Habari hizi zilipofika kwenye Kamati ya Upatanisho zilileta fadhaa ambayo wizi wenyewe haukuileta. Hondohondo alikuja na wajumbe wote, akasimama mbele ya jamvi la kupimia.

"Mwangaluka, mayo," akasalimu kwa ukali. "Ni nini kinachorudishwa hapa? Kumbukumbu za kamati zinasema palikuwa na kutoelewana kuhusu hesabu, na kutoelewana kulikwisha samehewa. Kama mpunga unarudishwa, basi mpunga uliibwa. Na kama uliibwa, sisi tulikula nini siku ile?"

Wajumbe wakatazamana. Lilikuwa swali zuri, na ni masikitiko kwamba aliyeliuliza hakukusudia lijibiwe.

"Mzee Mwenyekiti," akasema Mayo Kanga, "sogea kidogo, umekanyaga mpunga wa Punda."

Kamati ikajitenga kando kwa mashauriano, na iliporudi ikatamka kwamba kitendo cha kurejesha mpunga bila kibali kinadharau msamaha uliokwisha tolewa, kinafungua donda, na kinawaweka katika hali ngumu wanyama waliosamehe mapema. Kwa hiyo urejeshaji usimame mara moja mpaka kamati ndogo itakapoundwa kuchunguza kama Kongoti ana ruhusa ya kutubu zaidi ya kiwango kilichokubaliwa. Kamati ndogo ingehitaji posho ya vikao. Ngedere akaanza kupita na kikapu, na kila mnyama aliyepitiwa akatafuta cha kutazama mbali. Alipofika kwa Kongoti, mchangiaji wao wa kutegemewa, Kongoti akauachilia mdomo wa gunia kwa mkono mmoja, akaushika mfuko wake wa shingoni uliokuwa umesinyaa, akaupindua ndani-nje ili Ngedere auone vizuri, kisha akamwambia amesikia amri ya kamati na ataizingatia akishamfikia wa kumi na saba.